Kompyuta mpya siyo dawa!

Wadau, huu wimbo wa "tununue kompyuta mpya ndo mashine ikereze vizuri" umenichosha. Kompyuta ya kuendesha mashine ya kukereza haihitaji mbio, inahitaji kuwahi zamu. Kama inatuma mapigo kwa mota kila maikrosekunde 25, ikichelewa maikrosekunde 100 hata mara moja, mota inaweza kuruka hatua na chuma kimeharibika. Kwa hiyo wastani usikudanganye, tazama ule ucheleweshaji mkubwa kuliko wote.

Mchawi mara nyingi ni mipangilio ya kuokoa umeme. Ingia BIOS, zima usingizi wa prosesa, itengee LinuxCNC kiini chake, pima tena huku kompyuta ina kazi nyingi. Na tangu 2024 PREEMPT_RT imo ndani ya Linux yenyewe, bure!

Kwa nini inaniuma? Mimi wa Kigoma. MV Liemba iliunganishwa pale kwetu mwaka 1915. Kipuri cha meli ya umri huo hukikuti dukani Mwanga wala Ujiji, kinakerezwa. Tukisubiri kompyuta za bei mbaya, nani atakikereza?

Pimeni kwanza, ndo mlalamike. Nawasilisha.