Watu wa Kusini Hawajanunuliwa

Likitokea la kutokea huku Mtwara, maelezo huwa tayari kabla moshi haujatulia: wamelipwa. Walioingia barabarani kwa ajili ya gesi mwaka 2013, wamelipwa. Vijana waliovuka Ruvuma kwenda kujiunga na mashababi, wapiganaji wa Cabo Delgado huko Msumbiji, wamelipwa. Anayeuliza mkataba wa gesi unasemaje, huyo ndiye kalipwa zaidi. Baada ya maandamano ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 neno hilo lilivuka mipaka ya mikoa yetu, likasemwa nchi nzima, tena kutoka juu kabisa. Sisi wa Kusini hatukushangaa. Tulikuwa tumeshalizoea.

Ni neno tamu kulisema. Ukilitoa barazani unaonekana mtu mwenye habari za ndani, na hakuna atakayekudai ushahidi, maana fedha za siri hazina risiti. Lakini hebu tulipime kwa mambo yaliyotokea, kuanzia Mikindani hadi Kitaya.

Mwaka 2013 kwanza. Novemba 2012 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Tarehe 27 Desemba watu wa Mtwara waliandamana kwa amani, wakitaka kujua kiwanda gani kitabaki kwao. Mwishoni mwa Januari 2013 mambo yakaharibika, Mtwara na Masasi zikaona moto na vifo. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akashuka mwenyewe, akakaa na makundi mbalimbali, akasikiliza, akaeleza kwamba gesi itasafishwa huku huku kabla ya kusafirishwa. Mji ukatulia. Miezi karibu minne baadaye, tarehe 22 Mei, Waziri Sospeter Muhongo alisoma bajeti ya Nishati na Madini Dodoma. Maduka Mtwara yalikuwa yamefungwa, watu wako redioni. Waliposikia bomba liko palepale, mji ukalipuka upya, na daraja la Mikindani likaharibiwa.

Sasa anieleze anayesema walilipwa: mtu aliyelipwa na beberu hutulizwaje na maneno ya Waziri Mkuu? Mfadhili gani huyo ambaye kibarua chake husimama serikali inapoongea na watu, kikaanza tena serikali inapoacha kuongea? Ukiziweka tarehe mezani, ghasia zile zinafuata kauli za Dodoma na Dar es Salaam hatua kwa hatua.

Niseme na hili, lisije likadhaniwa nakwepa. Mimi si katika wanaosema gesi ya Mnazi Bay ni ya watu wa Mtwara peke yao. Gesi ni ya taifa, kama dhahabu ya Geita ilivyo ya taifa, na aliyechoma nyumba ya mwenzake alifanya uhalifu. Lakini mtu anaweza kukosea bila kununuliwa. Kukosea ni haki yake mwenyewe, na ukisema kalipwa umemnyang'anya hata hiyo.

Mei ile jeshi liliingizwa mjini. Askari wanne wa JWTZ walifariki katika ajali ya gari wakitoka Nachingwea kuja Mtwara, hata kabla hawajafika. Waliofika walikuta mji wenye hasira na hofu, na taarifa za watetezi wa haki za binadamu zikaeleza vipigo na mateso mikononi mwa wanajeshi. Kuna watu wa Magomeni na Chikongola waliokimbilia vijijini, na wapo waliolala porini. Kwa mkazi wa mji, ule ulikuwa uvamizi, hata kama sare ilikuwa ya kwetu.

Miaka mitano baadaye jeshi lilelile lilirudi, na safari hii watu walipiga vigelegele. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za mnadani, Rais Magufuli aliwaweka kando wanunuzi binafsi, akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kuagiza JWTZ isombe korosho. Malori ya kijeshi yaliingia Tandahimba na Newala na hakuna aliyerusha jiwe. Furaha ilipungua malipo yalipochelewa na uhakiki ulipoanza: mwenye magunia mengi aonyeshe shamba lake liko wapi, asije akawa mtu wa kangomba, yule anayewanunulia wenye shida korosho zao kwa kopo, shambani, kabla mnada haujafunguliwa. Wapo waliongoja fedha hadi msimu wa palizi ukapita. Walinung'unika sana, na hakuna mji uliochomwa.

Kisha ikaja Kitaya, kijiji chetu cha kando ya Ruvuma. Usiku wa 14 Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, wapiganaji wapatao mia tatu, kwa idadi aliyoitaja IGP Simon Sirro, walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaua, wakachoma nyumba, wakarudi walikotoka. Huo ndio uvamizi wa kweli wa kijeshi katika ardhi ya Tanzania, na kundi la Dola ya Kiislamu lilijitangazia kuwa ni kazi yake. Watu wa kando ya mto walifanya nini? Walibeba watoto, wakakimbilia kule askari walikokuwa. Hao ndio walewale wa mkoa ulioambiwa mwaka 2013 kuwa umeuzwa kwa wageni. Mvamizi mwenye bunduki, na mwenye wafadhili wa nje hasa, alipofika mlangoni, hawakumpokea.

Mara tatu ndani ya miaka minane sare ileile iliingia kwa watu walewale, na mara tatu ikapokewa tofauti. Ilipokuja kupiga ilichukiwa, ilipokuja kununua ilishangiliwa kisha ikadaiwa, na ilipokuja kulinda ilikimbiliwa. Kilichobadilika kila mara ni kazi iliyoleta jeshi. Fedha za nje huhitaji hata kuzitaja ili uelewe.

Atakayesema Kitaya inanipinga ana hoja nzito, na sitaipita juu juu. Ni kweli kundi la Cabo Delgado limepata fedha za nje. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa ofisi ya Dola ya Kiislamu iliyoko Somalia, iitwayo Karrar, imekuwa ikipitisha fedha kwenda Kongo na Msumbiji. Na vijana wa Kitanzania wamekuwamo, wengine wakitajwa kuwa walisogea kusini baada ya operesheni iliyofuata mauaji ya Kibiti mwaka 2017. Lakini angalia kipi kilitangulia. Shambulio la kwanza, la Mocímboa da Praia, lilikuwa 5 Oktoba 2017, na walioshambulia vituo vya polisi walikuwa kwa sehemu kubwa vijana wa hapo hapo, wanaojulikana kwa majina na kwa mama zao. Miezi michache kabla yake, Februari 2017, wachimbaji wadogo wa rubi walikuwa wametimuliwa kwa nguvu Montepuez, Watanzania wengi wakiwemo. Baadhi ya madai ya vipigo na mauaji katika machimbo yale yalifika London, na Januari 2019 kampuni ya Gemfields ikakubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Bendera ya Dola ya Kiislamu ilikuja kupandishwa baadaye, juu ya moto uliokuwa unawaka. Fedha za nje zilinunua risasi. Hasira ilikuwapo tayari, na haikuwa na muuzaji.

Mwenye kutaka kuona fedha za nje zilizovuruga siasa kwelikweli asihangaike kupekua mifuko ya waendesha bodaboda. Atazame ng'ambo hiyo hiyo ya mto, ila ghorofani. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali ya Msumbiji yalikopeshwa karibu dola bilioni 2 na benki za Credit Suisse na VTB ya Urusi, kwa dhamana ya serikali, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo Bunge la Maputo halikuambiwa. Hongo zikatembea. Manuel Chang, aliyekuwa Waziri wa Fedha na aliyetia saini dhamana, alikutwa na hatia katika mahakama ya New York Agosti 2024. Siri ilipofichuka mwaka 2016 wafadhili walikata misaada, sarafu ya metikali ikaporomoka, na hospitali za vijijini zikakosa dawa. Na mikopo ile ilikuwa ya nini? Kwenye karatasi ilikuwa ya kununua boti za doria za kulinda mwambao, na za kuvulia jodari. Mwaka mmoja baada ya siri kufichuka vijana wa Mocímboa wakachukua mapanga, na Agosti 2020 kundi hilo likaitwaa bandari yenyewe ya Mocímboa. Mwambao uliokopewa mabilioni ulindwe haukulindwa.

Hizo ndizo fedha za nje katika siasa. Zilipita kwa mihuri, kwa wanasheria na kwa chakula cha mchana hotelini, na hakuna hata mmoja wa waliozipitisha aliyeitwa kibaraka wakati zinapita.

Wazee wa Mtwara wana sababu nyingine ya kuitilia shaka hadithi hii, kwa kuwa walishaisikia kwa Kireno. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji Lisbon haikuchoka kutangaza kwamba Wamakonde hawana ugomvi na Ureno, wamechochewa tu na Wakomunisti. Na silaha za Wachina na Warusi zilikuwapo kweli, zilipita kwetu, na Nachingwea ilikuwa kambi ya FRELIMO. Misaada ya Sweden ilikuwapo, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu 1963. Mabomu ya Wareno yaliangukia hata vijiji vya upande wetu. Lakini watu walipigwa risasi Mueda, huko Cabo Delgado, tarehe 16 Juni 1960, walipokwenda kudai haki zao kwa mkuu wa Kireno. FRELIMO yenyewe iliundwa miaka miwili baadaye. Aliyesimama uwanjani Mueda siku ile hakuwa na senti ya Peking. Leo hakuna Mtanzania anayesema Wamakonde wale walinunuliwa, ingawa fedha za nje katika vita vile zilikuwa nyingi kuliko zozote mtu atakazoota kuzikuta Mtwara.

Hata majeshi yaliyoingia Cabo Delgado yanafundisha hilohilo. Wanyarwanda walifika Julai 2021, miezi michache baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi na TotalEnergies kusimamisha mradi wake wa gesi pale Afungi. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulitangaza hadharani kuwapa euro milioni 20. Barazani kwetu watu husema: askari wa kulinda gesi ya Mfaransa. Huenda kuna ukweli ndani yake. Ila muulize mkazi wa Palma aliyerudi nyumbani, atakwambia askari wale walimsalimia kwa Kiswahili na walilipia samaki wao sokoni, ilhali jeshi la nchi yake lilishutumiwa kwa uporaji. Naye hakuanza kwa kuuliza nani kalipia magwanda.

Turudi kwetu. Bomba lililowasha moto mwaka 2013 lilijengwa kwa mkopo wa dola bilioni 1.2 kutoka Benki ya Exim ya China, likazinduliwa Oktoba 2015. Sisemi mkopo ule ulikuwa haramu, nchi hukopa na umeme tunautumia. Nasema fedha za nje zilizobadilisha maisha ya watu wa Msimbati, Madimba na Ziwani ziliingia kwa mlango wa mbele, na maswali yaliyoulizwa juu yake ndiyo yaliyoitwa kazi ya mabeberu. Mwaka huohuo wa 2015 Mtwara Mjini ilimpa ubunge mgombea wa CUF. Hiyo ilikuwa kauli ya watu, kwa karatasi ya kura, na ilistahili kusikilizwa kama kauli.

Madhara ya neno "wamelipwa" ni kwamba linafunga faili. Ukishaamini kijana kanunuliwa, kazi inayobaki ni kumsaka mnunuzi, na mnunuzi asipopatikana kijana mwenyewe anatosha. Mkulima aliyezuiwa kuvuka Ruvuma kwenda kwenye mpunga wake wa ng'ambo, mvuvi wa Msimbati mwenye hifadhi ya bahari mbele yake na mitambo ya gesi mgongoni, hao hawana nafasi katika faili hilo. Nao ndio wanaokaa kati yetu na Cabo Delgado. Mshababi akija tena usiku, wao ndio watakaoona mtumbwi kwanza, na watatoa taarifa kama wanaamini kituoni watasikilizwa kabla ya kutuhumiwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, na yote yamo ndani ya sheria tulizonazo. Gesi inalipiwa ushuru wa huduma kwa halmashauri kulingana na mauzo. Kila mwaka kiasi hicho kibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, kuanzia Madimba hadi Ziwani, na kando yake kiandikwe kilipokwenda. Na anayesema fulani kalipwa na nje ataje benki, tarehe na kiasi, aende mahakamani. Sheria ya fedha haramu ipo tangu 2006. Asiye na cha kupeleka huko awaache watu wa Kusini waongee.