Waraka wa wazi kwa Chama cha Biblia cha Tanzania kuhusu Biblia ya vijana

Kwa Katibu Mkuu,
Chama cha Biblia cha Tanzania,
Dodoma.

Ndugu Katibu Mkuu,



Tunakuandikia kwa heshima, kwa kuwa tunaijua kazi ya Chama chenu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, iliyopatanisha tafsiri za Unguja na Mombasa, imetulea sisi na wazazi wetu. Habari Njema ya miaka ya 1990, iliyofanywa kwa ushirikiano na ndugu zetu Wakatoliki, imemfungulia mlango msomaji wa kawaida. Kwa tafsiri hatuna malalamiko. Tunaandika kwa ajili ya kijana wa miaka 14 au 16, ambaye leo wachuuzi wanamjali kuliko tunavyomjali sisi tulio kanisani.

Pita Kariakoo, au simama nje ya uwanja siku ya mkutano wa injili. Utaona fulana zenye mistari, bangili za mpira, stika za bodaboda, makava ya simu yenye msalaba, na Biblia za zipu, za waridi kwa wasichana na nyeusi kwa wavulana. Fungua zipu hiyo: mara nyingi ndani hamna hata sentensi moja ya kumsaidia mtoto amjue Amosi alikuwa nani na nini kilichomkasirisha. Jalada limebuniwa kwa ajili ya kijana, yaliyomo hakuna aliyemfikiria. Je, Chama kina mpango wa kutoa toleo la vijana lenye maelezo ya Kiswahili, na ikiwa upo, umefikia wapi?

Hatuwakatazi vijana fulana wala bangili. Bangili zile za herufi nne, zinazomuuliza mvaaji Yesu angefanya nini, zilianzia mwaka 1989 Holland, Michigan, kwa mlezi wa vijana Janie Tinklenberg, aliyetaka vijana wa usharika wake wawe na kitu cha kuwakumbusha. Ndani ya miaka kumi ziliuzwa kwa mamilioni, na faida kubwa ikaenda kwa watu wasiomjua yeye wala vijana wake. Swali lilikuwa jema, ila kulijibu kunahitaji kuzisoma Injili, na bangili haina nafasi ya Injili.

Marekani walijaribu kuziba pengo hilo, na kosa lao tungependa mlitazame kwa makini. Mwaka 2003 kampuni ya Thomas Nelson ya Nashville ilitoa Agano Jipya la wasichana liitwalo Revolve. Lilifanana kabisa na jarida la mitindo: wasichana wanacheka jaladani, na ndani, pembeni mwa Maandiko, kuna vidokezo vya urembo, maswali ya kujipima na majibu kuhusu wavulana. Mwaka uliofuata wavulana nao wakapata lao, Refuel. Nia ilikuwa njema, maana wasichana wengi walikuwa wanaiogopa Biblia, na Revolve lilinunuliwa sana. Lakini kitabu kimoja kilibeba nyaraka za Paulo pamoja na shauri kwamba msichana hampigii mvulana simu, na shauri hilo ndilo lililopewa rangi na picha. Mtoto wa miaka 14 atajuaje kwamba lile ni Andiko na hili ni maoni ya mhariri? Siku atakapokua na kutambua kuwa shauri lilikuwa desturi ya watu fulani tu, tunahofu atalitupa pamoja na Paulo. Tunaomba mtuhakikishie kwamba katika toleo lenu maelezo yatatengwa na Maandiko waziwazi, na kwamba walioyaandika watatajwa kwa majina.

Waandishi hao, tunaomba, watoke huku. Binti wa Kahama au Mbozi hana dansi ya kuhitimu ya kujiandalia kama msichana wa Marekani. Ana dereva wa bodaboda anayempa lifti ya bure kila asubuhi, na anajua itadaiwa. Ana wajomba wanaozungumzia mahari kabla hajafanya mtihani wa kidato cha nne. Na tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito kurejea shuleni, huenda ana mwenzake aliyerudi darasani huku mtoto kamwacha kwa bibi. Mvulana naye ana mkeka wa kubeti mfukoni kila Jumamosi. Hajiri, Tamari na yule mwanamke wa kisimani Sikari wana la kuwaambia vijana hawa, iwapo atapatikana mtu wa kuwafafanulia bila kuwatisha. Walimu wa kipaimara na wanafunzi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wayasome maelezo hayo kabla hayajachapwa. Je, mtawaalika?

Kuna jambo la shule pia. Mwanafunzi wa sekondari anayechukua somo la Maarifa ya Biblia hulisoma na kutahiniwa kwa Kiingereza. Jumapili anasikia Muungano, Jumatatu anakariri kwa lugha nyingine kabisa. Toleo la Kiswahili lenye maelezo mazuri lingemsaidia mwalimu wa somo hilo kama ambavyo lingemsaidia mchungaji.

Mtu anaweza kusema vijana wanasoma kwenye simu. Ni kweli, na tunashukuru kwamba programu ya YouVersion inawapa Biblia ya Kiswahili bure. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kwake yeye, kitabu ndicho kila kitu.

La mwisho ni bei. Tunaomba toleo hilo lipate chapa ya jalada jepesi, na sharika ziruhusiwe kulipa kwa awamu kwa ajili ya darasa zima la kipaimara. Kama mtatoa fulana au kalenda sambamba nalo, faida yake ishushe bei ya kitabu, na hesabu itangazwe kila mwaka.

Tunaomba jibu la maandishi. Tutalichapa lote, bila kupunguza neno, hata kama linasema kwamba jambo hili haliwezekani mwaka huu, ilimradi litaje ni mwaka gani litawezekana.

Wenu katika Kristo,
Mhariri