Benchi dhaifu haliponi kwa pesa peke yake

Kila mwaka, mwezi wa pili unapokaribia, wapenzi wa basketi wanarudilia mabishano yale yale, kutoka Lubumbashi mpaka Mitwaba: timu yenye benchi dhaifu ilete wachezaji wapya katikati ya msimu, ao ivumilie na wale iliyoanza nao? Huko Marekani, timu za NBA zinabadilishana wachezaji mpaka siku iliyopangwa ya mwezi huo wa pili. Huku kwetu hakuna kubadilishana wachezaji kwa namna hiyo. Kuna mikataba, barua za kuachiliwa na, mara nyingi, maneno ya mdomo. Lakini swali ni moja, na linagusa maisha ya vijana.

Kwanza hesabu. Mechi ya kimataifa inachezwa dakika 40, na wachezaji watano wako uwanjani. Hizo ni dakika 200 za kugawanya. Hata kama kocha anawachezesha wale watano wa kwanza dakika 32 kila mmoja, zinabaki dakika 40 ambazo lazima zichezwe na watu wa benchi. Tena mchezaji mwenye kufikisha makosa matano anatoka na harudi. Basi benchi si viti vya kupumzikia. Ni sehemu moja kwa tano ya mechi, na mara nyingi ni ile sehemu ambamo timu inapoteza alama ilizokuwa imetafuta kwa jasho.

Wale wanaounga mkono kuleta watu katikati ya msimu wana mfano wa mtoto wa Lubumbashi, Bismack Biyombo. Mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa hana timu, alichukuliwa na Phoenix Suns kwa mkataba wa siku kumi. Alifanya kazi, akabakishwa mpaka mwisho wa msimu, na mshahara wake wa msimu huo, karibu dola milioni 1.3, aliutoa kwa ajili ya kujenga hospitali huku Congo kwa ukumbusho wa baba yake. Miaka sita mbele, mwezi wa tano 2016, akiwa Toronto Raptors, aliingia mahali pa Jonas Valančiūnas aliyekuwa ameumia, na katika mechi moja dhidi ya Cleveland akashika ribaundi 26. Mtu wa benchi alikuwa tayari siku alipoitwa.

Marehemu Dikembe Mutombo naye aliacha somo la namna hiyo. Mwezi wa pili 2008, Yao Ming wa Houston Rockets aliumia mguu wakati timu ilikuwa imeshinda mechi 12 mfululizo. Wengi walidhani mambo yameisha. Mutombo, mwenye miaka 41, alitoka benchi akashika nafasi hiyo, na timu ikafikisha ushindi 22 mfululizo.

Lakini huyo Mutombo ni mfano pia kwa upande wa pili. Mwezi wa pili 2001, Philadelphia 76ers ilimtoa Atlanta Hawks wakati ilikuwa inaongoza upande wa Mashariki. Kwa kumpata, ilitoa watu wanne ndani ya kundi lake, kati yao Theo Ratliff aliyekuwa ameumia na Toni Kukoč aliyekuwa nguzo ya benchi. Timu ilifika fainali, ikashinda mechi ya kwanza, kisha Los Angeles Lakers wakachukua nne zilizofuata. Hakuna anayeweza kusema Mutombo alikuwa kosa. Mwaka huo alichaguliwa mlinzi bora. Lakini hesabu inabaki: ukijaza tundu moja kwa kutoboa lingine, siku ya mechi ngumu utaona kile ulichouza.

Lubumbashi haihitaji kwenda mbali kutafuta somo. Mwaka 2022, Espoir Fukash ilikuwa timu ya kwanza ya Congo kucheza katika BAL, ligi ya basketi ya Afrika. Huko Cairo ilipaswa kucheza mechi tano katika muda wa wiki mbili, dhidi ya timu kama Zamalek na Petro de Luanda. Kati ya timu sita, nne zilipita kwenda Kigali. Fukash haikuwamo. Katika mashindano yenye mechi za karibukaribu namna hiyo, miguu ya watano wa kwanza haitoshi. Na kwa sababu sheria za BAL zinaweka mpaka kwa wachezaji wa kigeni, sehemu kubwa ya kundi lazima iwe wenyeji. Benchi la timu ya Congo litakuwa na Wacongomani, tupende tusipende.

Hapo ndipo Mitwaba inaingia. Kiongozi wa klabu akiwa na haraka, ni rahisi kumtoa kijana mrefu wilayani katikati ya mwaka wa masomo, kumleta mjini kwa ahadi, na kumuweka kwenye benchi bila dakika, bila mshahara na bila shule. Msimu ukiisha, klabu inatafuta mwingine, na kijana hana hata pesa ya kurudi nyumbani. Kufanya hivyo si kuimarisha benchi. Ni kutupa mtu.

Kuleta wachezaji katikati ya msimu si vibaya, ila kuna mambo matatu ya kuheshimu. La kwanza: kocha aseme wazi ni kazi gani inakosekana, kama ni kulinda ringi, kupeleka mpira ao kutupa kutoka mbali, mbele ya mtu yeyote kutaja jina la mchezaji. La pili: mkataba uandikwe, hata ule wa muda mfupi, wenye mshahara, matunzo akiumia, na shule kwa yule ambaye bado mwanafunzi, na klabu anakotoka ipate haki yake kwa kumlea. La tatu: kijana wa nyumbani asipokonywe dakika zake zote kwa ajili ya mgeni wa miezi mitatu.

Shirikisho la basketi, FEBACO, pamoja na viongozi wa jimbo wanaweza kusaidia kwa kuweka tarehe moja inayojulikana ya kufunga uhamisho, na kukataa kumuandikisha mchezaji asiye na karatasi. Na kiwanja kimoja kizuri cha simenti chenye ringi mbili huko Mitwaba kingefaa kuliko safari nyingi za kutafuta vipaji mwezi wa pili.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Timu nayo haishindi kwa watano peke yao. Lakini wa sita, wa saba na wa nane wanatengenezwa tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Klabu inayowakumbuka katikati ya msimu imeshachelewa, na ikiwa lazima inunue, inunue kwa haki.