Vikao vimalizike kabla basi haijafika

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee juu ya afya ya akili hapa Rusizi. Tuko na ombi moja: mtu anayepita kambi ya muda apewe vikao vyake vyote vya ushauri kwa kufuatana, siku kwa siku, mpaka vimalizike. Kikao kimoja kwa wiki hapa hakitufai.

Nyarushishi si mahali pa kukaa. Desemba 2025, vita ilipofika Kamanyola na Uvira, watu walivuka Bugarama na mizigo kichwani wakaletwa huku mlimani. Mtu anaweza kukaa wiki mbili, anaweza kukaa miezi, yeye mwenyewe hajui. Siku jina lake linasomwa anapanda basi, anapelekwa kambi ya mbali kama Mahama, kule Kirehe, upande mwingine kabisa wa nchi. Sasa fikiria mama aliyefikia kikao cha pili. Ameanza kusema yaliyompata njiani, mambo ambayo hata mume wake hajui. Kesho yake hayupo. Kule anapofika anakuta mshauri mpya na daftari jipya: "Mama, ulitoka wapi? Nini kilikupata?" Wengi wanajibu tu, "Niko sawa." Nasi tunawaelewa.

Tunajua mtasema mambo ya moyo hayaendi mbio. Ni kweli nusu. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri tusimkalishe mtu aliyekimbia jana na kumtaka amwage yote kwa kikao kimoja. Siku za kwanza ni chakula, turubai, kutafuta watoto waliopotea, na mtu wa kukaa karibu bila maswali mengi. Sawa. Lakini akishatulia kidogo na kukubali mwenyewe, kuna mpango wa shirika hilohilo, uliotolewa 2016, wa vikao vitano tu: kupumua taratibu, kushika tatizo moja moja, kurudia kazi ndogo ndogo ulizoacha, kutafuta watu wa kukusaidia. Kawaida unafanywa kwa wiki tano. Vitano kwa wiki tano, kwetu vinakatika. Vitano kwa siku kumi, tunaamini vinaweza kumalizika, na wataalamu waje wapime kama tunasema uongo.

Eti nani atafanya? Sisi. Kule Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kutibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia. Vikao vilikuwa sita. Mtu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, mpaka lile tukio linapata mahali pake, linakuwa jambo lililopita. Matokeo yalitoka 2008: miezi kadhaa baadaye, karibu watu 7 kati ya 10 waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na ugonjwa wa mshtuko, na kwa wale waliofuatiliwa tu bila tiba hawakufika 4 kati ya 10. Na kwetu Kivu ya Kusini, utafiti uliotolewa 2013 ulionyesha akina mama waliobakwa wakipona kwa vikao vya kikundi, vikiongozwa na wasaidizi wa palepale, si madaktari. Walikuwa na msimamizi wa kuwafuata, hilo msilisahau. Kijana akifundishwa siku mbili, akapewa fulana na kuachwa peke yake na machozi ya watu, huyo naye atahitaji kutibiwa. Na posho jamani. Kusikiliza ni kazi.

Kuna wale ambao vikao havitawatosha: mwenye kifafa aliyeacha dawa zake Uvira, anayesikia sauti usiku, anayesema anataka kufa. Wazee wengine wanasema amerogwa, aombewe kwanza. Aombewe, hatukatai, lakini apelekwe hospitali kama Gihundwe siku hiyohiyo, na gari ipatikane. Jirani zetu Wanyarwanda hawashangai mambo haya. Kilima hikihiki cha Nyarushishi kilikuwa na maelfu ya Watutsi waliokuwa wakiwindwa mwaka 1994, na Kinyarwanda kina neno lake, ihahamuka, ambalo hata mtoto analijua. Sisi bado tunasema "kichaa", halafu mtu anajificha ndani ya hema.

Basi tunachoomba si pesa nyingi. Kila anayeondoka abebe karatasi moja, isiyo na siri zake, inayosema amefikia kikao gani na amuone nani akifika. Na kwa kuwa orodha ya basi inaandikwa siku kadhaa kabla haijasomwa, mshauri aipate siku inapoandikwa. Mtu akiwa amebakiza vikao viwili, avipate asubuhi na jioni, au asubiri basi inayofuata.