WALIOUMIA KICHWA WAPIMWE PIA AKILI NA USEMI

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu ndugu zetu wanaoumia kichwa katika ajali, hasa hizi za pikipiki. Wengi hushonwa kidonda, wakapewa dawa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, bila ya mtu yeyote kuwapima kama bado wanaweza kukumbuka, kupanga mambo yao na kuzungumza na watu kama zamani. Matokeo yake mtu hurudi nyumbani bado ni mgonjwa, nasi tunampokea kama aliyekwisha kupona.

Sisemi mambo ya kusikia. Mdogo wangu ni fundi cherehani. Aligongwa na pikipiki akivuka barabara, akapoteza fahamu, akalazwa wiki mbili. Siku ya kuruhusiwa aliulizwa jina lake na mahali alipo, akajibu sawasawa, nasi tukamshukuru Mungu. Alipoanza tena kazi mambo yakawa mengine. Akimpima mteja na kugeuka kuchukua chaki, vipimo vimekwisha kumtoka. Akianza suruali huiacha na kushika gauni. Watu wakizungumza huwakatiza na kuingiza habari isiyohusika, na akitaniwa huona ametukanwa. Hata wazee huwajibu kama anayejibizana na watoto. Wateja wakasema amekuwa mlevi, majirani wakasema ana jeuri, na baadhi ya ndugu wakaanza kumtafuta aliyemroga. Hakuna aliyesema kuwa ni ubongo ulioumia.

Hebu tujiulize, kwa nini hospitali haikuliona jambo hili? Kipimo kinachotumika sana kwa aliyeumia kichwa kilitolewa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa mji wa Glasgow. Kinatazama mgonjwa anavyofumbua macho, alama 4. Anavyojibu kwa maneno, alama 5. Na anavyotii anapoambiwa asogeze viungo, alama 6. Jumla ni alama 15. Ni kipimo kizuri, lakini kinapima fahamu tu. Mtu aweza kupata alama zote 15 na bado akashindwa kukata suruali moja mpaka mwisho. Hata picha ya kichwa yaweza kutoka safi huku mwenyewe anataabika.

Tena hapa kwetu salamu hutudanganya. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Maneno haya tumeyazoea tangu utoto, hutoka mdomoni bila ya kufikiri. Mgonjwa aweza kuyajibu yote vizuri, na wageni wakaondoka wakisema amepona. Lakini mwulize jana alikula nini na nani alikuja kumwona, au mwambie asimulie habari fupi aliyotoka kuisikia. Hapo ndipo utakapoona uzi unakatika.

Vipimo vya namna hiyo vipo, na vingine havihitaji mashine. Mwaka 1979 wataalamu wa Galveston, Marekani, walitoa maswali machache: jina lako nani, uko wapi, leo ni siku gani na tarehe ngapi, jambo gani la mwisho unalikumbuka kabla ya ajali, na la kwanza baada yake. Alama ni 100, na anayepata chini ya 76 bado hajarudi katika hali ya kawaida. Kumbukumbu ikichelewa kurudi, ni dalili kuwa ubongo umeumia zaidi. Akili ikishatulia hufuata vipimo vya kina: kurudia tarakimu kinyumenyume, kukumbuka maneno baada ya dakika kadhaa, kupanga kazi yenye hatua nyingi, na kuzungumza na watu wawili au watatu kwa pamoja.

Hata hivyo upimaji unataka busara. Kwanza, mgonjwa apimwe masikio na macho, maana asiyesikia vizuri huonekana kama aliyechanganyikiwa. Pili, apimwe kwa lugha anayoijua sawasawa. Mzee aliyezoea Kiha au Kisukuma asihesabiwe kuwa na kasoro kwa sababu tu Kiswahili kimempiga chenga. Tatu, alinganishwe na alivyokuwa mwenyewe kabla ya ajali. Mkulima ambaye hakupata kushika kalamu asipimwe kwa kuchora, na fundi apewe kitambaa. Kwa hiyo mke, mume au ndugu aulizwe, kwani mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui kuwa amebadilika.

Ninawaomba wanaohusika wafanye mambo mawili. Kila aliyepoteza fahamu kwa kuumia kichwa apimwe hivi kabla ya kuruhusiwa, na apewe tarehe ya kurudi kupimwa tena, kwa kuwa kasoro nyingi huonekana pale tu mtu anapoanza tena kazi au shule. Pia jamaa zake waelezwe wazi watarajie nini: wamsemeshe mmoja mmoja, wampe jambo moja kwa wakati, wamwandikie kazi zake kwenye daftari, na wampumzishe akichoka. Matokeo hayo yakiandikwa yatamsaidia pia mbele ya mwajiri na anapodai fidia. Mguu uliokatika kila mtu anauona, lakini kumbukumbu iliyopotea haina ushahidi isipokuwa karatasi ya mpimaji.

Najua wataalamu wa usemi ni wachache mno nchini. Lakini maswali ya mwanzo hata mwuguzi aliyefundishwa aweza kuyauliza. Tusingoje mpaka fundi afukuzwe kazi na mke arudi kwao ndipo tuulize kichwa kile kiliumia kiasi gani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Kaka wa Fundi,
Morogoro.