Shuka si Hati ya Mashtaka

Msomaji, ingia nami katika duka kubwa mjini Namanga, mpakani pa Kenya na Tanzania. Mtalii mweupe apita mlangoni na mkoba mpana. Bawabu amwinamia na kumkaribisha. Nyuma yake aja mzee wa Kimaasai, shuka begani, fedha za ng'ombe aliyeuzwa jana zimo kibindoni. Huyu afuatwa rafu kwa rafu mpaka aondoke. Nimeyaona kwa macho yangu, na nikaona haya kwa niaba ya duka.

Mwenye duka atasema kwamba wezi ni wengi. Kweli, mali hupaswa kulindwa. Lakini mwizi hajulikani kwa rangi wala vazi; hujulikana kwa tendo. Bawabu aikodoleaye shuka macho huipa kisogo mikono ya wengine. Basi ubaguzi ni dhuluma, na tena ni ulinzi mbaya.

Machi 2015 mkahawa mmoja wa Nairobi ulilaumiwa kwa kuwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Tulikasirika, na hasira ile ilikuwa ya haki. Mbona hatukasiriki tubaguanapo wenyewe kwa wenyewe? Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humkataza mtu kumbagua mwenzake kwa rangi, kabila au hata mavazi. Mlango wa duka haukusamehewa.

Mifuko ikikaguliwa, na ikaguliwe yote. Kama sivyo, usikaguliwe hata mmoja. Nawe msomaji, kesho huenda ukawa mwenye duka au karani wake: salamu yako na imfikie mteja kabla ya shaka yako.