Mshale Usiokuwapo

Wapo waisifuo ibara ya lugha ya C isemayo x --> 0, wakidai inasomeka kama shairi: x yaielekea sifuri. Nami niliisoma hivyo. Nikampa x thamani ya 10, nikangoja programu ichapishe 10. Ikaanza na 9, ikaishia 0.

C haina alama hiyo. Ni alama mbili zilizobanwa: -- ipunguzayo moja, na > iulizayo kuzidi. Thamani ya x hulinganishwa kwanza na sifuri, ndipo ipungue.

Malenga akichezea “nanasi” na “na nasi”, sikio hupata maana mbili, zote za kweli. Hapa ya pili ni jicho kudanganywa tu. Mimi siiiti ushairi. Ningemwomba mwandishi asogeze nafasi moja: x-- > 0.